Baiskeli Rahisi za Kichina: Mlima Ndio Mzani

Kijana apendaye mashindano ya baiskeli anauliza: je, zile baiskeli nyepesi za nyuzi za kaboni, zitokazo China kwa bei nafuu, zafaa kununuliwa? Mfanyabiashara aendaye Guangzhou kuagiza mali anauliza kama vipuri vyake vitauzika bila kumletea lawama. Naye mkulima wa Rungwe, anayeteremsha mikungu ya ndizi kwa baiskeli ya chuma, anauliza vivyo hivyo anapoonyeshwa breki mpya ya bei ya chini, ingawa neno kaboni hajapata kulisikia. Kwa maoni yetu hayo si maswali matatu bali ni swali moja, na jibu lake linaonekana wazi zaidi katika Nyanda za Juu Kusini, mikoa ya Mbeya na Iringa, kuliko sehemu nyingi za nchi yetu.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akashangaa: sisi wa visiwani tuna nini na milima ya Mbeya? Tunayo mambo mawili. La kwanza, mali inayouzwa Darajani na Chake Chake, na ile inayouzwa Mwanjelwa mjini Mbeya, aghalabu hutoka katika masoko yale yale ya mbali na hupakiwa katika makasha yaliyofanana. La pili, na hili ndilo kubwa, nchi tambarare husamehe makosa mengi ya chombo. Kasoro ya breki iliyojificha miaka mitatu katika njia ya Bububu hufichuka siku moja mtu ateremkapo Kitonga. Basi anayetaka kujua thamani ya baiskeli rahisi na aitazame inavyofanya kazi mlimani.

Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa uko zaidi ya mita 1,500. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupanda kutoka bonde la Ruaha Mbuyuni kwa kona za Kitonga, ambako malori hutambaa kama jongoo. Kutoka Chimala kwenda Matamba iko njia mashuhuri kwa kona zake 57. Na kutoka Tukuyu hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ardhi hushuka kiasi cha mita elfu moja. Tena upande wa Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Mteremko mrefu, barabara iliyolowa na mzigo mzito: hiyo ndiyo mitihani mitatu ambayo baiskeli yoyote katika nyanda hizo haina budi kuikabili.

Ni vema tukumbuke kwamba mali ya China si mgeni katika milima hiyo. Baiskeli za mwanzo kujulikana sana zilikuwa za Kiingereza, na jina la Raleigh likawa kama jina la baiskeli yenyewe. Kisha ikaja reli ya Uhuru. Reli hiyo ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa tangu mwaka 1970 hadi 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. China ilitoa mkopo usio na riba. Lakini jambo ambalo wengi wamelisahau ni kwamba gharama za ndani, kama vile mishahara ya wafanyakazi wazalendo, zililipwa kwa njia ya bidhaa: Tanzania na Zambia zilinunua bidhaa za China kwa mkopo, zikaziuza kwa wananchi wao, na fedha iliyopatikana ikatumika katika ujenzi. Kwa hiyo mwananchi aliyenunua kitambaa au chombo cha Kichina dukani alikuwa pia anachangia kulaza mataruma ya reli iliyopita Makambako na Mbeya.

Katika miaka ya baadaye baiskeli ya Phoenix ya Shanghai ikaenea bara na visiwani. Haikuwa nyepesi, kwani uzito wake wakaribia kilo 20. Haikuwa na gia. Lakini ilifuata mfano wa ile ya Kiingereza, hata vipuri vingi vya moja vikaweza kufungwa katika nyingine, na fundi aliyeketi chini ya mti mwenye nyundo, spana mbili na bakuli la maji ya kutafutia pancha aliweza kuirudisha barabarani siku hiyo hiyo. Nchi yetu nayo ilijaribu kujitegemea: kiwanda cha taifa cha NABICO kiliunda baiskeli ziitwazo Swala. Leo Swala haiuzwi tena, na uwanja wote umebaki kwa mali itokayo nje. Tunayasema haya ili msomaji aone kwamba hoja ya "mali ya Kichina haifai" haina mizizi katika historia yetu. Mamilioni ya magunia yamebebwa kwa chuma cha Shanghai.

Hata leo, mahali panapofaa baiskeli rahisi, hapana mjadala. Katika mbuga za Usangu palimwapo mpunga, katika uwanda wa Kyela, na katika mabonde ya Pawaga na Idodi mkoani Iringa, ardhi ni sawa na baiskeli ya chuma ya bei nafuu ni gari, ni mkokoteni, na kwa wengine ni ajira. Mtu anayeamka alfajiri kupeleka maziwa au kumchukua abiria hahitaji chombo cha fahari. Anahitaji chombo anachoweza kukilipia kwa mavuno ya msimu mmoja, na kukitengeneza kwa fedha iliyobaki mfukoni. Yeyote atakayeshauri kwamba baiskeli hizo zipigwe marufuku, au zitozwe kodi mpaka zimshinde mnyonge, hatakuwa ameutazama uchumi wa vijiji vyetu.

Matatizo huanza panapoanza mlima. Breki za vyuma za baiskeli ya zamani hubana mpira kwenye ringi ya chuma iliyopakwa kromu. Ringi hiyo ikilowa, mpira huteleza, na baiskeli huendelea mbele kana kwamba haikuguswa. Ndiyo maana katika miteremko utamwona mpanda baiskeli mwenye busara akishuka na kuikokota, na mwingine akikanyaga tairi kwa soli ya kandambili. Kasoro hiyo ilikuwamo katika baiskeli ya Kiingereza kama ilivyokuwamo katika ya Kichina. Lililoongezeka siku hizi ni wingi wa vipuri visivyo na jina la mtengenezaji, vinavyouzwa kwa mafungu, ambavyo hakuna awezaye kusema vilipimwa wapi na nani.

Hapa ndipo tunapopenda kuwatanabahisha wasomaji wetu kuhusu tofauti moja ya msingi. Katika baiskeli viko vipuri vya mfuko na viko vipuri vya roho. Gololi laini zinazosagika, pedali ya plastiki inayopasuka, siti inayochanika, keria inayolegea na mnyororo unaorefuka upesi ni hasara ya mfuko. Mwenye navyo atanung'unika, atanunua vingine, na maisha yataendelea. Lakini mipira ya breki na waya wake, uma wa mbele ambao mafundi huuita foku, usukani na shina lake, ringi na spoku, ni vipuri vya roho. Kimojawapo kikikatika mtu akiwa katikati ya mteremko mwenye gunia la viazi nyuma yake, hana nafasi ya kununua kingine. Urahisi unaokubalika katika fungu la kwanza ni hatari katika fungu la pili, hata kama vyote viwili vimetoka katika sanduku moja.

Kwa kipimo hicho hicho sasa tuzitazame baiskeli za kaboni. Hamu ya vijana wetu inaeleweka. Septemba 2025 mji wa Kigali uliandaa mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, na yalifanyika katika vilima visivyotofautiana sana na vya kwetu. Kijana wa Iringa aliyeona mashindano hayo ana haki ya kujiuliza kwa nini asijaribu yeye. Lakini fremu ya kampuni mashuhuri ya Ulaya au Marekani hugharimu dola elfu kadhaa, na fremu isiyo na jina kutoka China hupatikana kwa dola mia chache. Kwake yeye ama apate ya pili, ama asipate kabisa.

Kaboni ni nini? Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizookwa katika joto kali, zikapangwa kwa tabaka na kushikanishwa kwa gundi ngumu ndani ya kalibu. Tabaka hizo hupangwa zaidi kwa mikono ya wafanyakazi, moja juu ya nyingine, kila moja ikielekezwa upande wake. Kazi ikifanywa vizuri, hupatikana kitu chepesi kuliko chuma na chenye nguvu za ajabu. Ikifanywa vibaya, hubaki mikunjo na mapovu ya hewa ndani, na kwa nje rangi hung'aa vile vile. Chuma kikizidiwa, mara nyingi hupinda kwanza kumwonya mwenyewe. Kaboni ikizidiwa, hukatika bila kupinda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu hauonekani kwa macho, na mara nyingi huhitaji kipimo cha mawimbi ya sauti au eksirei. Utauzibaje ufa usiouona?

Hata hivyo hatusemi kwamba Wachina hawajui kazi hiyo. Kinyume chake, wao na jirani zao wa Taiwan ndio mabingwa wake. Sehemu kubwa ya fremu za kaboni zinazouzwa duniani kwa majina ya Kimagharibi hutengenezwa huko. Kampuni ya Giant, iliyoanzishwa Taiwan mwaka 1972, iliziundia kampuni nyingine baiskeli kabla jina lake lenyewe halijawa kubwa. Mwaka 2025 timu ya Astana ya Kazakhstan ilishiriki mashindano makubwa ya Ulaya, Tour de France ikiwamo, kwa jina la XDS Astana, wapandaji wake wakitumia baiskeli za kampuni ya XDS ya Shenzhen. Kwa hiyo mwenye kuuliza "je, ni ya China?" ameuliza swali lisilomsaidia. Aulize: "Ni nani aliyeitengeneza, alipima nini, na ikivunjika nani atajibu?"

Kiko kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, kijulikanacho kwa namba ISO 4210. Kwa kiwango hicho fremu hukandamizwa kama inayokanyagwa pedali mara 100,000, na haitakiwi kuonyesha ufa. Na uma, usukani na breki navyo vina mitihani yake. Mtengenezaji aliyefuata kiwango hicho hashindwi kutoa cheti chake. Wanunuzi wengine huridhika wakiona nembo ya UCI, yaani shirikisho la dunia la mchezo huo, lakini nembo hiyo huthibitisha kwamba umbo la fremu linakubalika mashindanoni. Si cheti cha uimara. Na zipo fremu zinazobandikwa majina makubwa ya Ulaya kwa wizi na kuuzwa kwa sehemu ndogo ya bei. Hizo tunazikataa moja kwa moja, kwani aliyeanza kwa kudanganya juu ya jina hawezi kuaminiwa juu ya kile kisichoonekana ndani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mlima una hukumu yake nyingine juu ya kaboni. Baadhi ya baiskeli hizo zina ringi za kaboni zinazobanwa na mipira ya breki moja kwa moja. Katika mteremko mrefu msuguano huo huzaa joto, na kaboni haitawanyi joto kama alumini. Gundi ikipata joto kupita kiasi hulainika, na ringi huweza kuvimba au kuachana tabaka. Mvua nayo hupunguza nguvu ya breki za namna hiyo. Kwa mtu atakayeteremka Kitonga au Chimala, ringi ya kaboni isiyojulikana yenye breki za kubana ringi ni kipuri cha roho kilichonunuliwa kwa bei ya kipuri cha mfuko. Na achague breki za diski, au abaki na ringi za alumini.

Tena faida yenyewe ya wepesi ipimwe kwa hesabu, si kwa matangazo. Mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 10 ni mzigo wa kilo 75. Akipata baiskeli ya kilo 8, mzigo umepungua kwa kilo 2, yaani chini ya asilimia 3. Mlima uliokuwa ukimchukua saa nzima atauokoa kama dakika moja na nusu. Kwa mshindani wa ngazi ya juu dakika hiyo ni ushindi. Kwa anayeanza, ambaye mazoezi ya miezi mitatu na mapafu yaliyokulia Mbeya yatamwongezea zaidi ya hapo, fremu nzuri ya alumini yenye breki za kutegemewa ni mwanzo bora. Na kwa abebaye viazi, kilo mbili hizo si kitu.

Liko pia suala la fundi. Boliti za kaboni hukazwa kwa kipimo, kwa kawaida kiasi cha nyutonimita 5 tu penye usukani, kwa spana maalumu inayoonyesha nguvu. Fundi wetu hodari aliyezoea chuma hukaza mpaka mkono useme basi, na kwa kufanya hivyo anaweza kuuponda usukani wa kaboni bila kujua. Kosa si lake. Hajapewa chombo wala elimu. Lakini atakayelipa ni mpandaji.

Kwa upande wa wasomaji wetu wa visiwani tunaongeza neno moja. Wengi hufikiri kwamba kaboni, kwa kuwa haishiki kutu, ndiyo inayofaa penye hewa ya chumvi. Ni kweli kaboni yenyewe haishiki kutu. Lakini ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo huliwa: boliti hung'ang'ania, bomba la siti hugandamana na fremu, na vishikio vya njiti za waya hudhoofika. Mwenye baiskeli hiyo Nungwi au Wete hana budi kuifungua, kuiosha kwa maji baridi na kuipaka grisi mara kwa mara, na ambaye hatafanya hivyo atakuwa amenunua ghali kile ambacho bahari itakichukua bure.

Ushauri wetu kwa mnunuzi basi ni huu. Baiskeli ya chuma ya bei nafuu kwa kazi za uwandani, na anunue bila wasiwasi. Kwa kazi ya mlimani anunue hiyo hiyo, lakini fedha aliyookoa katika bei aiweke katika breki, foku na ringi. Baiskeli ya kaboni kutoka kwa mtengenezaji wa Kichina mwenye jina, cheti na dhamana, na mshindani aliyekwisha kufikia ngazi ya kuihitaji, inafaa, tena pengine ni nafuu kuliko ile ya jina la Ulaya. Fremu isiyo na mwenyewe, na hasa usukani na uma usio na mwenyewe, aziache hata akipewa kwa nusu bei.

Kwa viongozi na watumishi wa Serikali tuna machache. Shirika la Viwango Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Taasisi ya Viwango Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2011. Vyombo hivyo viwili vinafanya kazi kubwa katika chakula, saruji na vifaa vya umeme. Tunaviomba vipuri vya roho vya baiskeli viwekwe katika orodha ya vitu vinavyokaguliwa kwa makini, na ukaguzi wa pande mbili za Muungano uafikiane, ili mali iliyokataliwa bandari moja isiingilie nyingine. Tume ya Ushindani nayo inayo mamlaka juu ya bidhaa bandia. Jina la wizi katika fremu ni bidhaa bandia kama lilivyo katika dawa ya meno.

Pili, Serikali na halmashauri zenyewe hununua baiskeli kwa ajili ya mabwana shamba na wahudumu wa afya wa vijiji. Zabuni ikimwendea mwenye bei ya chini bila sharti lolote juu ya breki, mhudumu wa Kilolo atapewa chombo kilichofaa Kyela. Mistari mitatu ikiongezwa katika masharti ya zabuni, ikitaja aina ya breki, ringi na kiwango kinachotakiwa, gharama itaongezeka kidogo na roho za watumishi zitakuwa salama zaidi.

Tatu, vyuo vya VETA vya Mbeya na Iringa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia kwetu Zanzibar, vina karakana na walimu. Haitakuwa mzigo mkubwa kuwapa mafundi wa baiskeli mafunzo mafupi ya jioni, pamoja na kuwakopesha zile spana za kipimo kupitia SIDO. Fundi huyo ndiye mkaguzi wa mwisho. Bandari ikikosea, yeye bado anaweza kumwambia mteja wake: breki hii usiteremke nayo.

Yote hayo hayahitaji kiwanda kipya wala kamati ya uchunguzi. Yanahitaji kwamba anayeagiza, anayekagua, anayeuza na anayefunga boliti kila mmoja ajue ni kipuri kipi alichoshika mkononi. Msimu wa mvua katika nyanda za juu huanza Novemba. Itafaa masharti ya zabuni yawe yamekwisha andikwa kabla ya hapo.